Uhasibu nje ya Uganda: kazi ya pili huvuka mpaka kirahisi kuliko ya kwanza

Kila baada ya mahafali, meza yetu ya ushauri wa ajira hapa chuoni Kampala hujaa vijana wa uhasibu wenye swali lilelile: nitapataje kazi ya kuanzia nje ya nchi? Hawataki kyeyo, yaani vibarua vya ng'ambo, ya kulinda geti, wanasema. Wanataka kazi ya taaluma waliyoisomea. Ni swali la haki. Vyuo vinavyotoa shahada za biashara na uhasibu ni vingi, na nafasi za ofisini haziongezeki kwa kasi hiyo.

Jibu langu huwa halipokelewi kwa vigelegele. Kwa mwenye shahada pekee, kazi ya kwanza ndiyo ngumu zaidi kupatikana ng'ambo. Ya pili ni nyepesi. Aliyekwisha kufanya miaka miwili mitatu ya ukaguzi, na mitihani ya kitaaluma iko mbioni au imekwisha, huitwa kwenye usaili. Aliye na transkripti tu mara nyingi hajibiwi hata barua pepe.

Sababu si ubaguzi peke yake, ingawa upo. Mtazame mwajiri. Anayeanza kazi ya hesabu huingiza ankara, huandaa mishahara, husuluhisha hesabu za benki, hujaza marejesho ya kodi. Karibu yote hayo yamefungwa na sheria za nchi aliyomo. Kijana wetu anajua kwamba marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani, VAT, hupelekwa mamlaka ya mapato, URA, kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwamba kiwango ni asilimia 18, kwamba mwajiri huchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 na mfanyakazi hukatwa 5. Huo ni ujuzi wa kweli, lakini unaishia mpakani Malaba. Mwajiri wa Manchester au Toronto ana vijana wa kwao wanaozijua kodi za kwao na hawahitaji viza. Kwa nini alipe ada za uhamiaji na kungoja miezi, kisha aanze kumfundisha mtu kodi kutoka mwanzo?

Ukaguzi ni habari nyingine. Uganda hutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, IFRS, na viwango vya kimataifa vya ukaguzi, ISA. Aliyekagua benki ya Kampala kwa viwango hivyo anaweza kufunguliwa faili Dubai au Dublin na akajua pa kuanzia. Ndiyo maana wakaguzi wa ngazi ya kati katika kampuni kubwa kama Deloitte, EY, KPMG na PwC, zote zenye ofisi Kampala, huazimwa na ofisi za nchi nyingine msimu wa kufunga hesabu unapobana, na wengine hawarudi. Wanaohitimu leo wakiniuliza njia fupi ya kutoka, nawaambia ni ile inayoanza kwa kubeba mafaili ya ukaguzi mjini hapa, hata katika kampuni ndogo isiyo na jina, hata kwa posho ya kuanzia isiyovutia.

Hata viwango hivyo havifanani kila mahali. Kampuni binafsi nyingi za Uingereza hufuata kiwango cha kwao cha FRS 102, Marekani wana kanuni zao za US GAAP, na kampuni binafsi za Kanada huruhusiwa kufuata viwango vya kwao vya ASPE. Jirani yetu Kongo ni mfano unaosahaulika: ni mwanachama wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, hivyo vitabu vya hesabu vya Bunia au Goma hufuata mfumo wa uhasibu wa umoja huo, SYSCOHADA, tena kwa Kifaransa. Mganda anayejua Kiswahili cha sokoni Goma bado hawezi kufunga hesabu za kampuni ya Goma mpaka ajifunze mfumo huo. Wachache wanaoujua, tena wanaandika Kifaransa, hawakosi kazi kwenye mashirika na kampuni za usafirishaji za ukanda huo.

Uingereza kwa mfano

Nitakaa kidogo hapa kwa sababu ndiko wengi wanakotazama, na sheria zimebadilika kuliko wanavyodhani. Tangu Julai 2025 viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi inadai mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka, na kazi iwe ya ngazi ya shahada. Upo unafuu kwa wanaoanza: walio chini ya miaka 26, wanaotoka kwenye viza ya masomo, au wanaosomea sifa ya kitaaluma inayotambuliwa. Hao kima chao ni pauni 33,400. Linganisha na mshahara wa mkaguzi mwanafunzi nje ya London, ambao mara nyingi haufiki hapo, na utaelewa kwa nini kampuni nyingi zimeondoa udhamini kwenye matangazo ya kazi za kuanzia.

Mwajiri naye lazima awe na leseni ya kudhamini. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na kuipitia hakulipiwi. Ninashangaa kila mara ninapokuta mtu ametuma maombi mia bila kuifungua. Jambo la pili linalowakera wengi: unaambiwa uthibitishe Kiingereza, ilhali umesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Uganda haimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza huzihesabu kuwa za wazungumzaji wa Kiingereza, kwa hiyo utafanya mtihani kama IELTS, au utapeleka shahada yako Ecctis, shirika la Uingereza linalolinganisha shahada za nje, ithibitishwe kuwa ni sawa na ya kwao na ilifundishwa kwa Kiingereza.

Aliyesomea huko ana nafasi nzuri zaidi. Baada ya shahada anaweza kuomba viza ya mhitimu, ambayo kwa sasa ni miaka miwili. Watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18, isipokuwa wenye uzamivu. Katika muda huo anafanya kazi bila udhamini, na mwajiri anamjaribu bila gharama za udhamini. Lakini ada ya shahada ya uzamili huko ni mzigo mzito, na nimeona familia zikiuza kiwanja kwa matumaini kwamba kazi itafuata yenyewe. Mwanafunzi anayeanza kutafuta kazi mwezi wa mwisho wa masomo amechelewa: nafasi za mafunzo katika kampuni za ukaguzi hutangazwa karibu mwaka mzima kabla.

Marekani nitapita haraka. Viza ya kazi ya H-1B hugawiwa kwa bahati nasibu, nafasi 85,000 kwa dunia nzima na fani zote, na Septemba 2025 maombi mapya ya walio nje ya nchi hiyo yaliwekewa malipo ya dola 100,000. Hakuna atakayelipa hizo kwa mhasibu anayeanza. Kanada haidai lazima uwe na ofa ya kazi. Inahesabu pointi za umri, lugha, elimu na uzoefu, na shahada yako hutathminiwa na taasisi kama WES kwa hati inayodumu miaka mitano. Tazama neno hilo uzoefu. Linarudi kila mahali.

Ghuba kuna mambo mapya. Falme za Kiarabu na Saudi Arabia zilianza kutoza VAT Januari 2018, na Falme za Kiarabu zikaongeza kodi ya faida ya kampuni mwaka 2023. Biashara ambazo hazikuwahi kutunza vitabu vya kodi zililazimika kuajiri. Ila utashindana na Wahindi, Wapakistani na Wafilipino waliokwisha kufanya kazi hukohuko, na Saudi Arabia inadai mhasibu mgeni asajiliwe na bodi yao ya SOCPA huku ikiendelea kuwapa raia wake nafasi hizo.

Nje ya karibu

Nairobi ni nje, na Kigali ni nje, na Juba, na Dar es Salaam. Vijana hucheka nikisema hivyo. Wakimaliza kucheka nawakumbusha kwamba itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na bodi za wahasibu za nchi wanachama zilitia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011: ICPAU yetu, ICPAK ya Kenya, NBAA ya Tanzania, iCPAR ya Rwanda. Zingatia hapa. Makubaliano hayo yanamhusu mwanachama wa bodi. Hayamhusu mwenye shahada tu. Ukiwa na CPA ya Uganda, yaani sifa ya mhasibu wa kitaaluma, unagonga mlango wa Nairobi ukiwa mtaalamu anayetambulika; bila hiyo wewe ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote.

Kibali cha kazi bado kinahitajika. Tanzania, kwa sheria yake ya 2015 ya ajira za wageni, humtaka mwajiri aonyeshe kwamba hakumpata Mtanzania wa kazi hiyo, na awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania. Si mlango mwepesi. Lakini anayeandika Kiswahili fasaha anaanza mbele ya Mganda mwenzake, kwa kuwa vikao na barua za ofisi nyingi kule ni Kiswahili. Juba ni tofauti kabisa: mashirika ya misaada hutafuta maofisa fedha wanaojua kutenga matumizi kwa kila mfadhili na kutunza vocha ambazo mkaguzi wa Ulaya atazikubali. Waliofanya hivyo miaka miwili kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidibidi au Nakivale huajirika Juba, kisha Mogadishu, kisha makao makuu ya mashirika yenyewe.

Ipo pia njia isiyo na viza. Kampuni za Uingereza na Australia hukabidhi kazi za kutunza vitabu kwa watu walio nchi nyingine kwa njia ya mtandao. Programu za uhasibu za Xero na QuickBooks hutoa mafunzo na vyeti vyao bila malipo, na Kampala iko mbele ya London kwa saa mbili au tatu tu. Mwaka mmoja wa kufunga hesabu za duka la Leeds ukiwa Ntinda hapa Kampala ni uzoefu wa Uingereza, na unaandikwa hivyo.

Karatasi

Kati ya CPA ya Uganda na ACCA, sifa ya uhasibu ya Uingereza, ipi? Ukitaka kubaki ukanda huu, anza na CPA. Ukilenga Uingereza, Ireland au Ghuba, ACCA inajulikana zaidi kwa waajiri, na shahada ya uhasibu inaweza kukusamehe baadhi ya mitihani yake. Kumbuka kwamba ACCA haikupi uanachama kwa mitihani peke yake. Inataka miezi 36 ya kazi iliyothibitishwa na msimamizi. Miezi hiyo huhesabiwa hata ukiifanya Jinja au Mbarara. Anza kuijaza mapema, kabla msimamizi wako hajahama.

Wasifu nao. Nyingi ninazosoma zina mstari huu: "Nilishughulikia masuala yote ya fedha." Haumwambii msomaji kitu. Kijana mmoja niliyemwuliza alichofanya hasa, alieleza kwamba alisuluhisha kila mwezi akaunti nne za benki za shilingi na dola, akagundua hundi zilizopitwa na wakati ambazo hakuna aliyeziondoa kwenye vitabu, na akaandaa ratiba za mali za kudumu kwa ajili ya wakaguzi. Yote hayo yalikuwa yamejificha chini ya "masuala yote". Tuliuandika upya mstari huo kwa maneno yake mwenyewe. Ondoa dini, hali ya ndoa na picha kwa maombi ya Uingereza na Kanada. Taja jina la programu ulizotumia, na kiwango cha taarifa za fedha.

Kuhusu matapeli sitasema mengi, kwa kuwa dalili hazibadiliki. Barua ya ofa bila usaili, anwani ya Gmail, mshahara wa meneja kwa mtu asiyewahi kufanya kazi, na "ada ya kibali" itumwe kwa namba ya simu. Mawakala halali wa ajira za nje hupewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na unaweza kuuliza wizarani kabla ya kutoa senti. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni upande wa Myanmar karibu na mpaka wa Thailand, na Waganda walikuwemo. Wengi walivutwa kwa ahadi ya kazi safi ya kompyuta ofisini. Na cheti cha kughushi cha Nasser Road, tafadhali, hapana. Bodi za nje huandikia chuo moja kwa moja.

La mwisho ni majina, na ndilo linalochelewesha watu wengi kuliko mitihani. Cheti cha mitihani ya shule cha UNEB kina majina mawili, transkripti ina matatu, pasipoti imegeuza mpangilio na kupoteza herufi moja. Hapa nyumbani hakuna anayejali. Ecctis au WES watasimamisha faili. Weka hati zako zote mezani leo, linganisha herufi kwa herufi, na tofauti ikiwepo nenda mamlaka ya vitambulisho, NIRA, na kwa kamishna wa viapo urekebishe kabla hujaomba kitu chochote, kwa sababu tangazo la kazi likishatoka utakuwa na wiki mbili tu za kutuma.