Chungu cha kuitia bata mzinga: watu wanavyodhani na hali ilivyo

Majira ya kuchipua, wawindaji wa Marekani humvuta dume la bata mzinga mwitu kwa kuiga sauti ya jike. Kifaa kimojawapo ni chungu: kisahani cha mbao cha kipenyo cha sentimita 9 hivi, kilichofunikwa kwa sleti (jiwe bapa), kioo au alumini, kikikwaruzwa kwa kijiti. Ukitaka kukitengeneza mwenyewe, jihadhari na dhana hizi.

"Sauti ni ya sleti. Sleti nzuri inatosha."
Sleti hutetema tu. Kinachoikuza sauti ni kioo usichokiona, kilichofichwa ndani ya chungu: duara la kipenyo cha milimita 64 hivi, unene wa 2 hadi 3, kilichobandikwa juu ya kinguzo unachokiacha katikati unapokereza mbao. Kati yake na sleti acha kama milimita 6. Nafasi ikipungua, sauti hupanda na kuwa kali. Ikizidi, hushuka na kuvuma. Basi punguza kinguzo nusu milimita kila mara, shikiza sleti kwa utepe, sikiliza, ndipo ugandishe.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: ukingo wa kioo ukigusa ukuta wa chungu, au gundi ikivuja hadi ukutani, sauti hufubaa. Gonga kioo kwa ukucha kabla ya kufunika. Kikilia wazi, endelea. Kikijibu "du", kibandue uanze upya. Ukishafunika juu hutakifikia tena.

"Matundu mengi chini, sauti kubwa."
Yakizidi, sauti huwa nyembamba. Anza na 6 ya milimita 9 kuzunguka kinguzo. Ziba moja kwa utepe usikie tofauti kabla ya kutoboa jingine.

"Gundi ikiwa ngumu kama jiwe ndiyo imara."
Mbao hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, sleti haifanyi hivyo. Gundi isiyonyumbuka huachia au huipasua. Tumia silikoni, ipe saa 24, na uache upenyo mdogo kuzunguka sleti. Mbao ipakwe vanishi nyembamba ndani na nje kwanza.

"Uso uwe laini, na ukiteleza pakaa chaki."
Chaki ni ya kifaa kingine, kisanduku cha mbao cha kuitia. Kwenye sleti inaziba mikwaruzo. Kijiti kinatoa sauti kwa kunata na kuteleza haraka haraka, kama upinde wa fidla kwenye uzi. Sugua sleti kwa msasa namba 320 hadi 400, uso wa kioo kwa namba 80 hadi 120, mwelekeo mmoja tu, kisha kijiti kikate mistari hiyo. Usishike uso kwa vidole: mafuta ya ngozi huacha doa linalong'aa na hapo panakuwa bubu. Na tafadhali vaa barakoa, vumbi la sleti ni baya kwa mapafu.

"Kijiti chochote kitafaa."
Kijiti ni nusu ya chombo. Chagua mti mgumu, sentimita 20 hivi, na ncha yake uisugue kwa msasa kila inapong'aa. Kishike kama kalamu, kimelala kidogo, chora viduara vidogo bila kunyanyua ncha. Mkono wa pili ushike ukingo kwa ncha za vidole, kiganja kisizibe matundu. Mlio wa jike huanza juu kisha huvunjika kushuka. Ukisikia sauti ya juu tupu, sogeza ncha kuelekea katikati. Ukisikia nzito tupu, irudishe kuelekea ukingoni. Pale mlio unapovunjika vizuri, weka alama ya penseli ubavuni mwa chungu.