"Hasi na hasi ni chanya": acheni kuwakaririsha watoto hivyo

Kila darasa jipya ninalopokea hapa Kisauni, Mombasa, nakutana na jibu lile lile: −3 − 5 = 8. Muulize mtoto hiyo 8 ameitoa wapi, atakujibu bila kusita: "Mwalimu, si hasi na hasi ni chanya?" Kakaririshwa darasani, kakaririshwa tuisheni, na nyumbani mzazi naye anamwimbia hivyo hivyo. Juzi nimeikuta imeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa, na aliyeiandika ni mwalimu. Nimechoka.

Kanuni hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya, basi. Kwenye kujumlisha haina kazi. Jana umekopa mahamri ya shilingi 30, leo mbaazi za 50; mwenye duka ataandika 80 unazodaiwa, yaani −30 − 50 = −80. Akikufutia zile 30, unabaki na −50. Brahmagupta kule India alieleza hesabu hizi kwa mali na deni mwaka 628, kwa hiyo hakuna cha kumtatiza mtoto hapo.

Kazi iko kwenye kuzidisha, na hapa walimu wengi tunapita mbio. Deni la mahamri halizidishwi kwa deni la mbaazi, na anayelazimisha mfano huo anawachanganya watoto zaidi. Mimi huandika hivi:

2 × (−5) = −10
1 × (−5) = −5
0 × (−5) = 0
(−1) × (−5) = ?

Wenyewe wanaona majibu yanapanda kwa 5, wanasema 5. Vizuri, lakini mpangilio unashawishi tu, hauthibitishi. Uthibitisho ni huu: 5 + (−5) = 0, kwa hiyo (−3) × (5 + (−5)) nayo ni 0. Fungua mabano: (−3) × 5 ni −15. Ili jumla ibaki 0, (−3) × (−5) haina budi kuwa 15.

Hapo huinuka mkono mmoja nyuma: nani kasema mabano ya namba hasi yanafunguliwa kama ya namba za kawaida? Swali hilo nalipenda kuliko majibu yote sahihi ya muhula. Ukweli ni kwamba wanahisabati waliamua iwe hivyo, ili kanuni za namba za kuhesabia zisivunjike tukiingia kwenye hasi. Vitabu vya shule ninavyovitumia haviligusi jambo hili. Uingereza, mwaka 1758, Francis Maseres, mwanahisabati kamili, bado alikuwa akizipinga namba hasi. Basi mtoto wa Likoni anayezitilia shaka msimwite mjinga.

Lisilonipa usingizi ni wakati wa kuuleta uthibitisho huo. Mapema mno, wanaunakili bila kuutafuna. Ukichelewa, wimbo wa "hasi na hasi" umeshaota mizizi. Siku hizi nauleta kabla ya kuitaja kanuni yenyewe, na bado sina hakika kama nimepatia.

Ninachokijua ni madhara ya wimbo huo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anapanga mlinganyo vizuri, anafungua mabano vizuri, kisha −4x − 6x inageuka 10x na kazi yote ya chini yake inaharibika. Kwenye KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari hapa Kenya, atapata alama za njia, ya jibu ataikosa.

Wazazi, mtoto akiuimba wimbo ule mezani, msimjibu ndiyo wala siyo. Muulizeni: hapo unazidisha au unajumlisha?