Babu ndiye mhariri: kuitazama upya The Princess Bride

Watu wakiizungumzia The Princess Bride, mara nyingi hukimbilia pambano la upanga juu ya mwamba, au yule Mhispania Inigo Montoya anayemsaka muuaji wa baba yake. Mimi naomba tubaki kwanza chumbani. Filamu hii ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Rob Reiner, inaanza na mchezo wa video kwenye runinga. Mvulana mgonjwa yuko kitandani, babu yake anaingia na kitabu, na kuanzia hapo shamba, mashua, miamba na kasri vyote tunavyoviona ni babu anasoma. Mimi ni mhariri wa filamu, kukata na kuunga picha ndiyo kazi inayonilisha, na kila nikiirudia filamu hii naona wazi zaidi kwamba uhai wake umo katika chumba kile.

Tuanze na riwaya yenyewe. William Goldman aliichapisha mwaka 1973, na ndani yake anajifanya hakuiandika yeye. Anadai ni kitabu cha kale cha mtu aitwaye S. Morgenstern ambacho baba yake alimsomea utotoni. Alipokuwa mtu mzima akakitafuta, ndipo akagundua kuwa baba alikuwa akiruka kurasa kwa kurasa za historia ya nchi ya Florin na kumsomea mtoto yaliyonoga tu. Basi naye akaamua kukifupisha vivyo hivyo. Morgenstern hakuwahi kuwepo, wala Florin haipo kwenye ramani. Lakini tazama alichokifanya Goldman: amejenga riwaya nzima juu ya kukata. Nani anakata, anaacha nini, na anamkatia nani. Kwa mtu wa fani yangu, hiki ni kitabu kinachohusu kazi ya mikono yetu.

Shida ni kwamba Goldman haishi kuingilia kati. Hadithi ikishika kasi tu, anaisimamisha ili atueleze alichokiondoa na kwa nini. Ukisoma, unaburudika. Kwenye filamu, sauti ya mwandishi inayojieleza namna hiyo ingeichosha hadhira mapema sana. Goldman aliiandika skripti mwenyewe, na alikuwa bingwa wa kazi hiyo mwenye Oscar mbili. Alichukua maingilio yale yote akayakabidhi kwa watu wawili. Baba wa kwenye riwaya akawa babu, Peter Falk, na msikilizaji akawa mjukuu, Fred Savage.

Hebu tutazame mahali pamoja kwa ukaribu. Buttercup, binti wa hadithi anayosomewa mtoto, ametekwa, na usiku anajitosa baharini kutoka kwenye mashua ya watekaji. Majini kuna mikunga wakubwa, samaki warefu kama nyoka, wanaopiga mayowe. Mmoja anamjia, kinywa wazi, muziki unapanda, na hapo hapo tunarudishwa chumbani. Babu anasema haliwi na mkunga kwa sasa. Anamweleza mapema kwa sababu amemwona ana wasiwasi. Mtoto anakana, huku vidole vyake vimekamata shuka. Babu anarudi kitabuni, lakini amerudi nyuma mno. Tunamwona tena Vizzini, kiongozi wa watekaji, akimuuliza binti kama anaijua sauti ile, picha ile ile, maneno yale yale, mpaka mtoto anamkatiza: hapo tumeshapita. Ndipo hadithi inaendelea.

Kwenye riwaya wanyama hao ni papa, lakini katizo ni hilo hilo. Mhariri yeyote aliyefundishwa vizuri angekwambia usifanye hivyo. Hukati kwenye kilele cha hofu, tena hutoi jibu kabla ya wakati. Mbona basi hatupoi? Kwa sababu hofu imehama. Tulikuwa tunamhofia binti, sasa tunamtazama mtoto aliyeanza kujali kitabu ambacho dakika chache tu zilizopita hakukitaka. Na ile picha iliyorudiwa inatufundisha kanuni ya filamu nzima kwa sekunde chache: tunachokiona kinamtii anayesoma. Kanuni hiyo ikishatuingia, Reiner anaweza kutuonyesha Buttercup akitambulishwa kwa umati kama malkia wa mwana mfalme Humperdinck, mtoto akapiga kelele kwamba babu amekosea kusoma, nasi tusione ajabu.

Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua raha hii. Lufufu kule Dar es Salaam na DJ Afro kule Kenya waliwapa watazamaji filamu za kigeni kwa namna hiyo: sauti ya mtu aliyeiona kabla yako, anayekueleza, anayekutania, anayekuonya kwamba huyu bwana usimwamini. Sauti ya pili haiharibu filamu endapo msemaji wake anaipenda na anamjua anayesikiliza.

Sasa twende kwenye upanga. Cary Elwes, anayeigiza Westley, na Mandy Patinkin, anayeigiza Inigo, walifundishwa na Peter Diamond na Bob Anderson, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na karibu pambano lote walipigana wenyewe; warukaji wa kulipwa waliingia kwenye misarakasi tu. Ninavyoliona kama mhariri, faida yake iko kwenye upana wa shoti. Waigizaji wasiojua upanga humlazimisha mhariri kukata ovyo: mkono, uso, chuma, uso, ili mtazamaji asigundue. Hapa Robert Leighton, aliyeihariri, alikuwa na shoti ambazo unawaona wote wawili kuanzia kichwani hadi miguuni, wakisogea na kuongea bila haraka. Kinachonivutia zaidi ni kile kinachotangulia. Westley, mpenzi wa Buttercup anayewafuata watekaji, amepanda mwamba mpaka amechoka hoi, na Inigo, mmoja wa watekaji hao anayemngoja wapigane, anamwacha apumzike kwanza. Katika mapumziko hayo ndipo anasimulia habari za baba yake aliyekuwa mfua panga, na mtu mwenye vidole sita aliyemuua. Kwenye riwaya mkasa huo umechukua kurasa nyingi. Goldman ameubana katika maongezi ya watu wawili walioketi, na umetosha.

Si kila alichokata kilistahili kukatwa. Kwenye riwaya Humperdinck ana bustani ya wanyama iliyochimbwa ardhini, ghorofa juu ya ghorofa, amejaza viumbe wa kuwinda, na ndani yake unaelewa kwa nini mtu huyu anatisha. Filamu imebakiza pango la mateso tu, na mwana mfalme amebaki mwoga mwenye maringo. Buttercup naye, licha ya kazi nzuri ya Robin Wright, ameachiwa kusubiri zaidi ya kutenda. Na muziki wa Mark Knopfler, ambao sehemu kubwa ni wa kinanda cha kielektroniki, masikioni mwangu umezeeka kuliko picha.

Ilipotoka haikuvuma sana; Marekani iliingiza kama dola milioni 30. Kaseti za video ndizo zilizoisambaza majumbani, na mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa.

Wasomaji wa riwaya huilalamikia filamu kwa mwisho wake. Kwenye kitabu, Buttercup, Westley, Inigo na mwenzao Fezzik, lile jitu, wanatoroka kwa farasi, kisha kidonda cha Inigo kinafumuka, Westley anazidiwa tena, Fezzik anakosea njia, farasi wa Buttercup anapoteza kiatu, na nyuma yao kelele za wanaowafukuza zinazidi. Filamu inawapa farasi weupe, mapambazuko na busu. Nawaelewa wanaolalamika, lakini sikubaliani nao, kwa sababu ule uchungu wa riwaya haukutupwa. Umehamishwa. Westley anapokutwa amekufa kwenye mashine ya mateso, mtoto anamkatiza babu: anajifanya tu, sivyo? Babu, yule yule aliyemtuliza kwa habari ya mikunga, safari hii hamtulizi. Mtoto anauliza nani atamuua Humperdinck. Babu anamjibu hakuna, anaishi. Mtoto anang'aka: kama ni hivyo, umenisomea kitabu hiki cha nini? Muziki hakuna, uso wa Falk umetulia, wala hakuna jibu zuri linalokuja. Reiner anamwacha mtoto na hasira yake, kisha babu anafungua kitabu tena.