Sprinti ya msimbo: maana yake, na kwa nini nyingi hufia kwenye saa mbili za kwanza

Sprinti ya msimbo ni kikao ambacho waandishi wa programu hukaa chumba kimoja, siku moja hadi nne, wakifanya kazi kwenye mradi ambao tayari upo, ili watoke na mabadiliko ambayo mradi huo utayapokea. Mara nyingi hufuata mkutano. Mihadhara imekwisha Ijumaa, waliosafiri hawajaondoka bado, Jumamosi asubuhi kompyuta zinafunguliwa. Jina limetoka kwenye riadha, mbio fupi za kasi, na ni desturi ya miaka mingi katika jumuiya za programu huria (zenye msimbo ulio wazi kwa wote) kama Python, lugha ya kuandikia programu, na Django, zana ya kujengea tovuti. PyCon ya Marekani, mkutano wa watumiaji wa Python, hutenga hadi siku nne kwa kazi hiyo tu.

Isichanganywe na hackathoni kama tunavyoijua leo, yenye timu, majaji, zawadi na wazo linaloanzia sifuri. Ingawa neno lenyewe lilianzia karibu sana na sprinti: Juni 1999, watengenezaji kumi wa OpenBSD, mfumo endeshi huria wa kompyuta, walikutana Calgary, Kanada, wakaita kikao chao hackathoni. Walikwenda huko kwa sababu sheria za Marekani za wakati ule zilibana usafirishaji wa programu za usimbaji fiche (za kuficha data kwa msimbo wa siri) nje ya nchi. Hapakuwa na mshindi. Isichanganywe pia na sprinti ya ofisini, ambayo ni kipindi cha wiki mbili hivi cha kupanga kazi za timu.

Na haifanani na semina. Kwa anayeandaa sprinti Dodoma, hili linahitaji kusemwa mapema, maana huu ni mji wa semina, na mtu akialikwa siku nzima hutarajia posho, vitini na cheti. Mwaliko uandike waziwazi: hakuna posho wala cheti; kuna kazi, intaneti, chakula na watu wa kukusaidia. Watakaokuja baada ya kusoma hivyo ndio unaowataka.

Asiyekosekana ni mtunzaji wa mradi, yaani mwenye mamlaka ya kupokea mabadiliko. Akiwepo chumbani, swali linalochukua wiki tatu kwa maandishi hujibiwa kwa dakika tano. Asipokuwepo, mna watu ishirini wanaokisia. Zaidi yake, hesabu mzoefu mmoja kwa wageni wanne. Wakizidi watano, anageuka mwalimu na kazi yake inasimama.

Kazi zenyewe zichaguliwe kabla. Kwa watu ishirini andaa kama thelathini, kila moja iwe na jina la faili la kuanzia, namna ya kuiona kasoro kwa macho, na jaribio litakaloonyesha kuwa imepona. "Boresha nyaraka" si kazi. "Ukurasa wa usakinishaji unataja toleo la Python lisilotumika tena, rekebisha mistari hii miwili" ni kazi. Tafsiri ya Kiswahili ya vidokezo vya programu ni mlango mzuri kwa mgeni, ilimradi wawepo wawili wanaokubaliana istilahi kabla ya kuanza.

Sasa saa mbili za kwanza. Hapo ndipo sprinti nyingi hufa, na chanzo ni usakinishaji. Chukua mradi ambao msimbo wake na historia ya mabadiliko yake ni megabaiti 300. Watu ishirini wakiupakua kwa pamoja ni gigabaiti 6. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde hiyo ni dakika 80, laini ikiwa haijayumba hata kidogo, na vifurushi tegemezi (programu nyingine ambazo mradi unazihitaji) havijaguswa. Zaidi ya hapo, ruta ndogo za laini ya simu nyingi hupokea vifaa kumi tu, na kila mtu anakuja na kompyuta na simu: watu ishirini ni vifaa arobaini. Leta ruta ya kweli, na waombe watu wazime Wi-Fi ya simu.

Dawa ni flashi tatu au nne zilizoandaliwa jana yake. Weka nakala ya hazina, yaani msimbo wa mradi na historia yake, kwa git clone --mirror (git ni programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo), na vifurushi kwa pip download (pip ni programu ya kusakinisha vifurushi vya Python). Angalia mitego miwili. Pip hupakua kulingana na mfumo na toleo la Python la kompyuta iliyotumika, kwa hiyo folda iliyotayarishwa kwenye Linux inaweza kukataa kwenye Windows. Tayarisha zote mbili. Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa hautoi kosa lolote. Aliyenakili kutoka flashi, anwani ya origin ya hazina yake, yaani mahali inapotuma mabadiliko, ni flashi ile ile. Anafanya kazi mpaka jioni, anasukuma (anatuma mabadiliko yake), git inamwambia imefaulu, halafu mtandaoni hakuna kitu: mabadiliko yamerudi kwenye flashi, pengine imeshahamia meza nyingine. Kwa hiyo git remote set-url, amri ya kubadilisha anwani hiyo, iwe hatua ya kwanza baada ya kunakili, na iandikwe ubaoni kwa herufi kubwa.

Mengine ya kutazama mapema: GitHub, tovuti inayohifadhi hazina za git, iliacha kupokea nenosiri la kawaida kwa kazi za git tangu Agosti 2021, hivyo kila mtu aje na tokeni au ufunguo wa SSH (vyote hutumika badala ya nenosiri) aliokwisha kuujaribu nyumbani. Kompyuta ya zamani ambayo betri ya saa imekufa huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na inakataa vyeti vya usalama vya tovuti zote salama. Rekebisha tarehe kabla ya kulaumu mtandao. Na mtu wa Windows akibadilisha mstari mmoja kisha git diff, amri ya kuonyesha kilichobadilika, ikaonyesha faili zima limebadilika, tatizo ni alama za mwisho wa mstari, ambazo Windows na Linux huziandika tofauti. Faili la .gitattributes ndani ya mradi hulimaliza kwa wote.

Umeme una hesabu yake. Kompyuta ishirini za wati 65 ni wati 1,300. Plagi ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba wati 2,990, kwa hiyo zote zinaweza kula soketi moja ya ukutani bila shida. Kisha mtu wa chai anachomeka birika la wati 2,200 kwenye ekstensheni hiyo hiyo: jumla wati 3,500, zaidi ya ampea 15. Wengi hudhani fyuzi itakata. Haikati papo hapo. Inavumilia muda mrefu huku plagi ikilainika na waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake ukichemka kwa ndani. Birika lipate soketi yake mbali, na ekstensheni ya gurudumu ivutwe yote hadi mwisho. Ukumbi ukiwa na mita ya LUKU, angalia yuniti Ijumaa jioni.

Kuhusu mahali: maabara ya chuo huwa na meza na soketi, lakini uliza kama utaruhusiwa kusakinisha programu na kama lango linafunguliwa wikendi. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kiko nje ya katikati ya mji, kwa hiyo panga usafiri wa jioni. Epuka kupanga tarehe wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Kumbi na nyumba za wageni hujaa. Tangu 2024 treni ya SGR imerahisisha kumleta mtunzaji kutoka Dar es Salaam, ila sprinti imalizike kwa kufuata tiketi yake ya kurudi. Hewa ya Dodoma ni kavu: kwa watu 25 weka madumu mawili ya maji ya lita 18, na chai ya saa nne isikose chapati.

Anzeni saa tatu asubuhi. Kila mtunzaji aseme dakika mbili mradi wake ni nini na unahitaji nini, watu wachague meza, mazungumzo ya jumla yaishie hapo. Saa kumi kazi mpya zisichukuliwe tena. Kila mmoja asukume alichonacho, hata kama ni nusu, na aandike mistari mitatu: nimefika wapi, kinachokwama ni nini, nani ameahidi kukagua. Mwandaaji abaki na orodha hiyo, aipitie baada ya wiki mbili na kuwauliza wakaguzi kwa majina, kwa sababu mgeni ambaye ombi lake la kwanza la kupokelewa mabadiliko limekaa mwezi bila jibu harudi tena.