Madirisha ya Lancashire hayakuwa ya hewa

Ukitazama picha ya Houldsworth Mill, kiwanda cha kusokota nyuzi kilichojengwa mwaka 1865 huko Reddish, katika jimbo la Lancashire la wakati huo, Uingereza, utaona safu za madirisha makubwa. Wengi husema tajiri wa enzi ya Malkia Victoria aliwajali watu wake, akawapa hewa safi. Hewa ipi? Madirisha yale yalikuwa ya macho. Uzi mwembamba ukikatika lazima uonekane papo hapo, na taa za gesi zilikuwa gharama, tena zilialika moto. Hewa ikikauka uzi wa pamba hukatika ovyo, kwa hiyo joto na unyevu vilifungiwa ndani makusudi. Wasokotaji walitembea pekupeku kwenye sakafu zilizolowa mafuta.

Mafuta hayo na vumbi la pamba viliteketeza viwanda vingi vilivyojengwa kwa mbao. Ndipo likaja jengo "lisiloungua": nguzo na boriti za chuma, juu yake matao ya matofali. Mtindo huo ulianzia kiwanda cha kitani cha Ditherington, Shrewsbury, mwaka 1797. Jina lake liliwadanganya wengi, na bado linadanganya. Chuma hicho kilikuwa cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu; hubeba vizuri mzigo unaokigandamiza, lakini kikilazimishwa kupinda huvunjika ghafla bila kuonya. Kikishika joto la moto kisha kikamwagiwa maji, hupasuka. Mwaka 1844 kiwanda cha namna hiyo kiliporomoka katika mji wa Oldham, Lancashire, wala hakukuwa na moto.

Wapo pia wanaodhani ghorofa zilipandishwa kwa uhaba wa ardhi tu. Kumbe injini ya mvuke iliyoendesha mashine zote ilikuwa moja, na kuzipanga mashine ghorofa juu ya ghorofa kuliziweka zote karibu nayo. Ufumaji ulikuwa na mambo yake: mashine za kufuma hutikisa jengo, basi nyingi ziliwekwa chini, kwenye mabanda yenye paa la meno ya msumeno. Vioo vya paa hilo vilielekezwa kaskazini ili mwanga uingie bila jua kali.

Na minara, je, ilikuwa pambo? Mara nyingi ilificha ngazi, na baadaye tangi la maji ya kuzimia moto. Ila dohani ya India Mill, kiwanda cha pamba cha mji wa Darwen, iliyokamilika mwaka 1867, ina zaidi ya mita 90 na imejengwa mithili ya mnara wa kengele wa Kiitalia. Urefu ulisaidia kuvuta moshi, sawa. Nakshi zile ni maringo tu.