Mnaenda kulala kando ya Galana? Someni haya kwanza

Mpwa wangu na mumewe wamekodi Land Cruiser, wanatoka Malindi wafuate mto Galana kwenda juu, Kakoneni, Langobaya, mpaka karibu na geti la Sala la kuingilia mbuga ya Tsavo Mashariki, walale siku tatu nyikani wawili peke yao. Kaniuliza maswali usiku kucha, na mimi ni nesi nimekaa njia ile miaka mingi, kwa hivyo nimemwomba ruhusa niwajibu nyote manake msimu huu wa jua kali wengi mnaenda.

Shangazi, maji si tutayakuta mtoni? Ya nini kubeba?

Bebeni mwanangu. Huo Galana ndio Sabaki wetu huu huu, na huko juu unaitwa Athi, na mto Nairobi unamwaga humo humo na uchafu wa jiji, ukifika kwetu una rangi ya chai ya maziwa. Ya kunywa tu chukueni angalau lita 5 kwa kila mtu kwa siku, nyinyi wawili siku tatu ni lita 30, kisha mtungi wa lita 20 wa akiba, gari likizama mchangani hamtatoka siku mliyopanga.

Ya mtoni ni ya dharura. Yaacheni kwenye ndoo matope yakae chini, yachujeni kwa kanga safi mmeikunja mara nne, halafu yachemke kwa nguvu dakika nzima. Msitie dawa ya klorini kwenye maji ya matope mkadhani yamekuwa safi, matope yanaila nguvu ya dawa. Na mtu asichote kwa kuchutama ukingoni, mamba wapo na kwenye maji ya rangi ile humuoni hata akiwa karibu na mguu wako, tieni ndoo kamba mrushe kutoka palipoinuka.

Basi tuoge tu, hatutakunywa?

Hapa naomba mnisikilize sana. Kichocho hakingoji unywe. Kinatoka kwa konokono wa maji yaliyotulia yenye nyasi pembeni, kinapenya ngozi nzima bila kidonda, dakika chache tu umeloweka miguu kimeingia. Wengi wanajua ile dalili ya mkojo wa damu, lakini kwa mwanamke kinaweza kukaa kwenye njia ya uzazi, akaanza kutokwa na uchafu au damu akikutana na mumewe, na hapo mume anashuku, mke analia, wote wanatibiwa magonjwa ya zinaa na hayaponi manake siyo. Nimewaona watu wakikaribia kuachana kwa sababu ya mdudu wa mtoni. Maji ya kuogea yachemsheni, au yakae ndani ya mtungi siku mbili nzima. Kama mmeshaingia, baada ya miezi miwili hivi nendeni mkapimwe wote wawili na mseme wazi mlioga mto gani, dawa yake ipo, prazikwanteli.

Joto si tumelizoea, sisi watu wa pwani?

La pwani lina upepo wa bahari na jasho unaliona. Kule jasho linakauka kabla hujalihisi, unapoteza maji na ngozi kavu, unajiona mzima. Angalieni mkojo, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi mmechelewa kunywa. Ukianza kuumwa kichwa na miguu kukaza, kaa kivulini, changanya maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazisha, unywe pole pole.

Kinachonitisha ni pale mtu anapoanza kuchanganyikiwa akili, manake yeye mwenyewe hajui. Kuna mama alimleta mumewe kwetu, akaniambia wakiwa safarini mume alianza kumwita kwa jina la mamake mzazi, mke akadhani anataniwa, akaendelea kupika. Mko wawili tu, hakuna jirani, mwenzio ndiye daktari wako. Akiongea yasiyoeleweka au akipepesuka, hata akisema niko sawa usimsikize, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa kanga, usimnyweshe kitu kwa nguvu, mkimbize hospitali huku unaendelea kumlowesha.

Nyoka je?

Viatu na tochi kila ukitoka, hata kwenda haja. Swila akitema machoni, maji mengi dakika 20, usifikiche. Akiuma kifutu au yeyote, vua pete na bangili zote kabla mkono haujavimba, funga gango kiungo kisicheze, usichanje, usikaze kamba, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Washa gari mwende hospitali.

Usiku tuingize jiko hemani, mbu na baridi?

Jiko la makaa ndani ya hema, au ndani ya gari mmefunga vioo, hapana kabisa. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mnalala hamuamki. Mbu ni wa chandarua na mafuta ya kujipaka. Na homa ikikupata wiki moja au hata mwezi baada ya kurudi, kapime malaria.

Hema msipige mchangani chini, mvua ikinyesha Ukambani mto unakuja hapo kwenu bila wingu hata moja. Kijia kipana kinachoshuka majini ni cha kiboko, kaeni mbali nacho.

Na mke akiwa mjamzito?

Malaria kwa mjamzito ni kali kwake na kwa mtoto, na joto lile si la kubeba mimba changa. Kama siku zako zimechelewa hata kidogo, mpwa wangu au yeyote anayesoma, usipakie gari bado. Pitia zahanati asubuhi na mkojo wa kwanza, kipimo ni dakika tano.