Nyaraka za familia ya mashamba: ni nini, na husomwaje

Nyaraka za familia ya mashamba ni karatasi zote za ukoo mmoja uliomiliki mali ng'ambo: barua, hesabu, wosia, rehani, orodha za watumwa. Hakuna aliyeziandika ziwe historia. Mwenye shamba alikaa mbali na alitaka kujua fedha yake imekwenda wapi.

Mfano mzuri ni karatasi za Pinney, zilizo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza. John Pinney alikuwa na shamba la miwa la Mountravers kisiwani Nevis, Karibi. Mwaka 1783 alihamia Uingereza, akaendelea kuliendesha kwa barua.

Kiini cha nyaraka kama hizi ni daftari la nakala. Kabla barua haijafungwa, ilinakiliwa humo. Kwa hiyo daftari linakupa upande mmoja tu wa mazungumzo. Majibu ya msimamizi wa shamba yatafute kwenye barua zilizopokewa, kama zimesalimika. Wakati wa vita barua ileile ilitumwa kwa meli mbili, ili moja ikipotea nyingine ifike, hivyo ukiona karatasi mbili usihesabu barua mbili.

Tarehe nazo zina mtego. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo "Februari 1725" kwetu ni Februari 1726. Hesabu ni peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa paundi, lakini paundi ya Nevis ilikuwa na thamani ndogo kuliko ya London. Ukizijumlisha pamoja, kazi yote imeharibika. Sukari huandikwa kwa mapipa; tafuta uzito, maana mapipa hayakulingana.

Orodha za watumwa huwa na jina, umri, kazi, hali ya mwili na bei. Majina hujirudia, basi linganisha umri na jina la mama kabla hujasema huyu ndiye. Pero, mtumwa wa Pinney, alinunuliwa mwaka 1765 akiwa na miaka 12, pamoja na dada zake Nancy na Sheba, kisha akapelekwa Bristol kuwa mtumishi. Mtu kama huyo barua humtaja kwa nadra. Mfuate kwenye hesabu za nguo, dawa na posho, kwa kuwa huko ndiko alikomgharimu bwana wake.

Kuanzia 1817 unaweza kulinganisha orodha za shamba na rejista za serikali za watumwa wa Nevis, zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London. Zinapotofautiana, anza kwa kuuliza nani alikuwa na faida ya kuficha mtu.